Siku Zilizobaki Kwenye Notisi



Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Isha, kamati ya msikiti wetu ilikaa kujadili jambo moja tu, nalo ni kisima. Kisima hicho ni wakfu. Mfadhili aliyekichimba, Allah amrehemu, aliweka sharti kwamba maji ya udhu yasikatike, na kwamba majirani, Muislamu na asiye Muislamu, wauziwe ndoo kwa bei isiyomuumiza mtu. Kwa kuwa kamati haina fundi wala mtu wa kukaa bombani tangu asubuhi hadi jioni, mwaka jana tulikipangisha. Mpangaji anaendesha pampu, analipa umeme, anauza maji, na kila mwezi anauletea msikiti kodi. Sasa ni miezi minne kodi haijaletwa. Pampu imeharibika mara mbili, na mara zote mbili watu walitawadha kwa maji ya madumu. Tumemwandikia barua, na kwa mujibu wa mkataba tumempa notisi ya siku 30 ya kuuvunja.

Siku ya kikao kile zilikuwa zimebaki siku 19. Mzee mmoja wa kamati, ambaye namheshimu kama baba yangu, akasema hatuna haja ya kuzingoja. Tubadilishe kufuli kesho baada ya Alfajiri, tuweke kijana wetu bombani, na huyo bwana akitaka aende mahakamani. "Hata Serikali," alisema, "iliwafukuza wale Waingereza wa City Water kabla mkataba haujaisha. Wakatushitaki huko nje, na tukawashinda. Katibu, wewe umesoma, waambie wenzako."

Sikuwa na jibu. Kesi ile niliijua kama wengi wetu tunavyoijua, yaani kwamba tulishinda. Mwaka 2005 nilikuwa bado mwanafunzi, nami nakumbuka marehemu baba akiongeza sauti ya redio Waziri alipotangaza, kisha akasema Alhamdulillah. Nikaomba kikao kiahirishwe ili nikaisome hukumu yenyewe, kwa kuwa imechapishwa na ni ruhusa kwa yeyote kuisoma. Ni ndefu, na lugha yake ni ya wanasheria, lakini inasomeka. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyarudisha kwa kamati. Nayatoa gazetini kwa sababu misikiti mingi sasa ina visima, na visima vingi vina wapangaji.

Jiji la Dar es Salaam hunywa kutoka Mto Ruvu. Maji husukumwa kutoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwa mabomba marefu hadi mjini, na sehemu kubwa hupotea njiani, mengine kwa kuvuja, mengine mikononi mwa vishoka wanaounganisha watu kinyemela. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mtandao huo ulikuwa umechakaa kiasi kwamba mwenye bomba ndani ya nyumba yake bado alimngoja muuza maji mwenye mkokoteni. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya zikakubali kukopesha takriban dola milioni 140 za kuukarabati. Lakini fedha hizo zilikuja na mpango kwamba uendeshaji utoke mikononi mwa DAWASA, mamlaka ya umma, na upewe kampuni binafsi.

Zabuni ikatangazwa. Makampuni matatu yalipita mchujo wa awali, lakini ilipofika siku ya kupokea zabuni, iliyoletwa ilikuwa moja tu. Waliileta Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani kwa pamoja. Hapa nilisimama kidogo katika kusoma. Mnunuzi anayekwenda sokoni akakuta muuzaji mmoja hajachagua kitu, amepewa. Wakubwa waliolisimamia jambo lile hawakurudi nyuma, na mnamo Februari 2003 mikataba ikasainiwa. Ikaundwa kampuni ya kuendesha, City Water Services, ambayo asilimia 51 ya hisa zake zilikuwa za wageni hao na asilimia 49 za kampuni ya hapa nchini. Kazi ilianza tarehe 1 Agosti 2003, na muda wake ulikuwa miaka 10.

Mkataba mkuu ulikuwa wa upangishaji, na ukiuondoa ukubwa wake haukutofautiana sana na ule wetu wa kisima. Mabomba, mitambo na matangi yalibaki mali ya DAWASA. City Water iliviendesha, ikasoma mita, ikatoa ankara na kukusanya fedha. Katika fedha hizo fungu moja lilikuwa lake, la pili lilikuwa la DAWASA kama kodi, na la tatu lilikuwa la mfuko wa kuwaunganishia maji kwa mara ya kwanza watu wasio na uwezo. Fungu hilo la tatu lilikuwa wazo jema kuliko yote yaliyoandikwa humo.

Mambo yalikwenda mrama mapema. Makusanyo hayakufikia yaliyotarajiwa, bali yalishuka chini ya yale yaliyokuwa yakikusanywa na DAWASA yenyewe. Waliousukuma mpango ule walikuwa wameamini kuwa haiwezekani kampuni binafsi ikafanya vibaya kuliko shirika lile la umma lililolaumiwa na kila mtu, na tathmini ya Benki ya Dunia baadaye ilikiri kwamba hilo hasa ndilo lililotokea. Kodi ya DAWASA ikaanza kucheleweshwa, kisha ikasimama. Kampuni ikaomba masharti yajadiliwe upya. Mazungumzo yakafanyika, yakavunjika, na DAWASA ikaanza kuchukua hatua za kuuvunja mkataba kwa utaratibu ulioandikwa ndani ya mkataba wenyewe, yaani kwa notisi.

Mpaka hapo, ndugu msomaji, Serikali na DAWASA walikuwa na haki mikononi mwao. Mpangaji halipi, kazi haifanyi, ameandikiwa, siku zinahesabiwa. Laiti wangekaa kimya, kesi hii isingekuwa na cha kusimulia.

Hawakukaa kimya. Tarehe 13 Mei 2005 Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, Edward Lowassa, ambaye baadaye mwaka huohuo akawa Waziri Mkuu, aliita waandishi wa habari akatangaza kwamba mkataba umevunjwa. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Kisha msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani ambao kampuni ilipewa ukaondolewa. Tarehe 1 Juni Serikali ikaingia katika ofisi za City Water, shirika jipya la umma, DAWASCO, likashika uendeshaji, na viongozi watatu wa kampuni waliokuwa raia wa Uingereza wakakamatwa na kusafirishwa kwao siku ileile. Notisi ilikuwa bado wiki chache tu iishe.

Biwater Gauff wakaenda kushitaki Washington, kwenye kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, wakiegemea mkataba wa kulinda vitega uchumi ambao Tanzania na Uingereza waliusaini mwaka 1994. Hiyo si mahakama kwa maana tuliyoizoea. Ni baraza la wasuluhishi watatu, na kituo chenyewe kimo ndani ya kundi la taasisi za Benki ya Dunia, benki ileile iliyokopesha fedha za mradi. Mtu wa kijiweni angeuliza maswali, na sidhani angekosea kuuliza.

Kulikuwa na kesi nyingine pia, London, kati ya City Water na DAWASA, kuhusu mkataba wa upangishaji wenyewe. Hiyo DAWASA ilishinda waziwazi. Mwanzoni mwa 2008 ilitangazwa kwamba City Water imeamriwa kulipa takriban pauni milioni 3. Lakini aliyeamriwa kulipa ni kampuni ambayo biashara yake ilikwisha kitambo. Yeyote aliyewahi kumdai mtu aliyefilisika anajua hukumu ya namna hiyo ina uzito gani mfukoni.

Nirudi kwenye kesi kubwa. Mashirika matano ya kiraia yaliomba kusikilizwa ingawa hayakuwa sehemu ya kesi. Matatu ni ya hapa kwetu, yaani Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Mtandao wa Jinsia Tanzania, na wanasheria wa mazingira wa LEAT, na mengine mawili yalitoka nje. Hoja yao ilikuwa kwamba mzozo wa maji ya mji wenye mamilioni ya watu si ugomvi wa faragha kati ya kampuni na serikali. Mnamo Februari 2007 baraza likawaruhusu kuleta maandishi yao. Halikuwaruhusu kuhudhuria usikilizaji uliofanyika The Hague, wala kuona nyaraka za pande mbili. Wakaandika kuhusu shauri ambalo hawakuoneshwa karatasi zake. Mama wa Tandale au Manzese mwenye ndoo kichwani hata huko hakufika. Lakini ni haki kusema kwamba baraza lilisema maandishi yao yamelisaidia, na wanaoifuatilia sheria ya namna hii wanaitaja ruhusa ile hadi leo.

Hukumu ilitoka tarehe 24 Julai 2008. Nimeisoma sehemu hii mara tatu, kwa sababu ndiyo aliyoiegemea mzee wetu.

Wasuluhishi walisema, kwanza, kwamba kampuni ilianguka kwa makosa yake. Iliingia kwa mahesabu mabovu tangu kwenye zabuni, kisha ikaendesha vibaya. Hasara ya kufanya makisio mabaya ni ya aliyeyafanya, na mshirika hana wajibu wa kujadili upya mkataba kwa sababu mwenzake alikosea hesabu.

Pili, na hapa ndipo masimulizi yetu ya redioni yalipokatika, walisema Serikali nayo ilivunja wajibu wake. Tangazo la Waziri, wakati utaratibu wa notisi ulikuwa unaendelea, lilichochea hisia za umma. Kuondoa msamaha wa kodi, kuingia ofisini, kukamata na kusafirisha watu, vyote havikuwa na ulazima. Serikali ilijitetea kuwa maji ni uhai, na kwamba isingeweza kungoja. Baraza likaona hapakuwa na dharura yoyote iliyozuia kungoja wiki chache ambazo zingeufikisha mkataba mwisho wake kwa njia halali. Walihesabu uvunjaji wa mkataba ule wa 1994 katika mambo kadhaa: kutotendewa kwa uadilifu, hatua zisizo na sababu ya msingi, kukosa ulinzi, na kunyang'anywa mali.

Tatu, fidia. Kampuni haikupewa hata senti, kwa kuwa siku ile ya 1 Juni ilikuwa tayari haina thamani. Aliyenyang'anywa kitu kisicho na thamani amedhulumiwa, lakini hana hasara ya kulipwa. Kila upande ukabeba gharama za mawakili wake, na mawakili wa kesi za namna ile hawalipwi kwa shukurani.

Kwa hiyo, je, tulishinda? Mzee wetu yuko sahihi kwamba hatukulipa fidia. Lakini hukumu hiyohiyo imeandika kwamba nchi yetu ilimnyang'anya mtu ambaye, ndani ya wiki chache, ingemtoa kwa haki. Kilichotuokoa ni ubovu wa mshitaki. Kampuni ile ingekuwa na uhai kidogo, hata wa kulegalega, haraka yetu ingelipiwa na walipa kodi, na miongoni mwao ni yule mama mwenye ndoo.

Sisi tuliopitia vyuo vya dini tulipaswa kuyajua haya bila kusubiri Washington. Katika Suratul Anfal, aya ya 58, Allah (S.W.) anamwelekeza Mtume wake (S.A.W.) kwamba akichelea khiyana kwa watu wenye ahadi naye, awarudishie ahadi yao waziwazi, pande zote ziwe sawa katika kulijua hilo. Aya inazungumza juu ya watu wanaotiliwa shaka ya khiyana, wala si wapangaji wema. Na bado wanapewa haki ya kuarifiwa.

Kisa kinachoifafanua wamekipokea Abu Daud na Tirmidhi. Muawiya (R.A.) alikuwa na mapatano ya muda na Warumi, na muda ulikuwa unakaribia kwisha. Akaanza kusogeza jeshi kuelekea nchi yao, ili siku ya mwisho ikipita tu awe yuko mlangoni. Kumbuka kwamba hakuwa amepiga mtu, wala siku haikuwa imepita. Alikuwa anasogea tu. Ghafla akaja mtu juu ya mnyama, akileta takbira na kunadi kwamba ni kutimiza ahadi, si khiyana. Watu wakatazama, kumbe ni Amr bin Abasa (R.A.). Muawiya akamuuliza, naye akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), kwamba mwenye ahadi na watu asifunge fundo wala asilifungue mpaka muda wake upite, au awarudishie ahadi hiyo kwa usawa. Muawiya akageuza jeshi, akarudi.

Mwalimu wetu wa hadithi chuoni alipofika hapo alikuwa na kawaida ya kufunga kitabu na kutuuliza lile jeshi lilipata hasara gani kwa kurudi. Tulikuwa tukijibu chakula, siku, uchovu wa wanyama. Alikuwa hasemi tumepata wala tumekosa.

Niliyasoma haya mbele ya kamati Ijumaa iliyopita. Mzee wetu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo naliandika kwa sababu lina haki yake. Alisema, "Katibu, Warumi hawakuwa wanakula mali ya wakfu." Ni kweli. Deni la wakfu si letu kulisamehe, na kila siku mpangaji huyu anapokaa bombani, siku hiyo inaongezwa kwenye deni. Mweka hazina akaongeza kwamba tukishachelewa sana, huenda tusikute pampu.

Tukalichukua hilo la pampu kwa uzito. Kesho yake mimi, mweka hazina na fundi tulikwenda kisimani kwa miadi, mpangaji akiwepo. Tukaandika kila kilichopo: pampu, tangi, mabomba, hadi koki. Tukasoma mita ya umeme, yeye akatia saini, sisi tukatia saini. Tukamtaka atuandikie deni lake kwa mkono wake, naye akaliandika, na namba yake ilipishana na yetu kwa kiasi kidogo sana. Kwa ajili ya udhu, jirani mmoja amekubali kutujazia tangi dogo la nyuma kila jioni hadi mwisho wa mwezi.

Hapo kisimani alitoa daftari lake la mauzo akatuonesha. Bei ya ndoo aliyoahidi kuuza, ukiondoa umeme, haiwezi kulipa kodi aliyoahidi kulipa, hata pampu isingeharibika siku moja. Nikajiona nipo kwenye meza ya zabuni ile ya 2002. Mwaka jana walijitokeza watu wawili wakitaka kisima, tukampa aliyetaja kodi kubwa, na hakuna kati yetu aliyechukua kalamu akapiga hesabu ya ndoo ngapi zinauzwa kwa siku. Tulifurahi tu. Kosa la makisio ni lake, kama wasuluhishi walivyosema, wala halifuti deni. Lakini mkataba ujao sitausaini kabla ya hesabu hiyo kuwekwa mezani na kusomwa kwa sauti. Hilo limeingia kwenye muhtasari wa kikao.

Mzee wetu hakupiga kura. Alisema ataswali na kuangalia. Juzi nilimkuta kisimani asubuhi, amekaa kwenye benchi karibu na bomba, tasbihi mkononi, akiwahesabu wateja. Nikamsalimia, shikamoo mzee, akaitikia, akaniambia ndoo 64 tangu Alfajiri.

Leo ninapoandika zimebaki siku 5. Ufunguo bado anao mpangaji.